Neno la mwisho ni la nani? Taaluma ya kuwahamisha wazee nchini Marekani

Miongoni mwa kazi zilizoibuka Marekani katika kizazi kilichopita, ipo moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huenda akashangaa kusikia kwamba watu hulipwa kuifanya: kumsaidia mzee kuhama kutoka nyumba kubwa aliyoishi kwa miaka thelathini au hamsini, na kwenda kuishi mahali padogo, ama katika fleti, ama katika chumba kimoja ndani ya makazi ya wazee, ama nyumbani kwa mmoja wa watoto wake. Wanaoifanya kazi hiyo ni wasimamizi wa uhamaji wa wazee, nao ni tofauti na wachukuzi wa mizigo, kwa kuwa aghalabu hawabebi kitanda wala kabati. Wao husimamia mamia ya maamuzi yanayotangulia siku ya lori, kisha hukamilisha upangaji wa makazi mapya ili mzee alale kitandani mwake usiku wa kwanza, taa ikiwa upande aliouzoea na dawa zikiwa mahali anapoweza kuzifikia. Mwaka 2002 baadhi yao waliunda chama chao, National Association of Senior Move Managers, ambacho leo kina mamia ya kampuni wanachama, kanuni za maadili na mpango wake wa ithibati.

Taaluma hii inaweza kuelezwa kama biashara ya kupanga maboksi, na ndivyo matangazo mengi ya kampuni hizo yanavyoieleza. Maelezo hayo hayatoshi. Anachonunua mteja ni muda na utaratibu wa kuamua, na kwa hiyo swali zito kuliko bei, kuliko lori na kuliko maboksi, ni la nani anayeamua: mzee anayehama, au mtoto wake anayepiga simu na kulipa.

Sababu za kuzuka kwa kazi hii zinaonekana kwanza katika hesabu ya watu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 55.8 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, yaani karibu mtu mmoja katika kila sita, na nyuma yao linafuata kundi kubwa la waliozaliwa kati ya mwaka 1946 na 1964, ambalo watangulizi wake wanatimiza miaka 80 mwaka 2026. Karibu wanane katika kila kumi wa umri huo wanaishi katika nyumba wanazozimiliki, na nyumba za nchi hiyo zimekuwa zikipanuka huku familia zikipungua: nyumba mpya ya wastani, iliyokuwa na futi za mraba 1,500 hivi mwaka 1973, ilifikia zaidi ya 2,400 mwaka 2015. Nyumba yenye gereji, chumba cha darini na orofa ya chini ya ardhi haimlazimishi mwenyewe kuamua chochote, maana kila kisichotumika hupata pa kukaa, na miaka arobaini hupita pasipo mtu kuuliza kama baiskeli ya mtoto aliyekwisha kuwa na wajukuu bado inahitajika.

Jambo la pili ni umbali wa jamaa. Taasisi ya utafiti ya Pew ilieleza mwaka 2020 kwamba asilimia 27 ya Wamarekani wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaishi peke yao, ilhali wastani wa nchi 130 zilizochunguzwa ulikuwa asilimia 16. Watoto wao wamesambaa katika majimbo yaliyo mbali, wana kazi zisizowapa likizo ndefu, na pengine wenyewe wameshakaribia kustaafu, wana magoti mabovu na hawawezi kushuka na kupanda ngazi kwa wiki tatu mfululizo wakichambua makaratasi ya baba yao. Shughuli ambayo kwingineko ingefanywa na wapwa, majirani na vijana wa mtaani kwa chai na shukrani imegeuka kuwa huduma yenye mkataba na ankara.

Kuhama kwenyewe mara nyingi hakupangwi mapema. Idara ya afya ya nchi hiyo inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa inakadiria kwamba zaidi ya mzee mmoja katika kila wanne huanguka katika kipindi cha mwaka mmoja, na anguko la bafuni, au kifo cha mwenzi aliyekuwa akiendesha gari, ndilo linalofanya nyumba ya orofa mbili iliyokuwa fahari ya familia igeuke kuwa hatari. Hali hii ilielezwa kinadharia mwaka 1973 na M. Powell Lawton na Lucille Nahemow, watafiti walioshughulikia uzee na mazingira, ambao walisema kwamba ustawi wa mzee unategemea ulinganifu wa vitu viwili: uwezo wake, wa mwili na wa akili, na shinikizo la mazingira, yaani jumla ya mambo ambayo mahali anapoishi panamdai ayafanye. Shinikizo likizidi uwezo, mtu huelemewa. Likipungua mno, hudumaa na kupoteza hata nguvu alizokuwa nazo. Kutokana na nadharia hiyo inaeleweka kwa nini kuhamia chumba kimoja si suluhisho lenyewe, kwa sababu mzee anayeondolewa ngazi, jiko na bustani kwa siku moja, pasipo kuachiwa jambo lolote la kuamua, ametolewa kwenye shinikizo la kupita kiasi na kutupwa kwenye upungufu wake.

Wauguzi waliliona tatizo hilo wodini. Mwaka 1992 chama cha Amerika ya Kaskazini kinachoratibu istilahi za uchunguzi wa kiuguzi kiliingiza katika orodha yake hali ya mkazo unaotokana na kuhamishwa, ambayo dalili zake ni pamoja na wasiwasi, kuchanganyikiwa, kukosa usingizi, kujitenga na kukataa chakula baada ya mtu kuondolewa mahali alipopazoea. Kinachochochea hali hiyo si umbali wa safari. Mzee aliyeshirikishwa katika kuchagua mahali, siku na vitu vya kwenda navyo huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuzoea kuliko yule aliyearifiwa tu, hata kama chumba alichopewa huyo wa pili ni kizuri zaidi.

Aliyeyachunguza mambo ya vitu kwa kina zaidi ni mwanasosholojia David J. Ekerdt wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambaye kitabu chake kuhusu kupunguza mali za nyumbani uzeeni kilitoka mwaka 2020. Ekerdt na wenzake hulitaja tendo hili kuwa ni kuvunjwa kwa kaya, na huvitazama vitu vya mtu kama msafara unaoandamana naye maisha yote, ambapo vingine hujiunga njiani na vingine huachwa, lakini msafara wenyewe haukomi. Faida ya mtazamo huo ni kwamba unaacha kumlaumu mzee kwa kurundika. Vitu vyake si takataka zilizosahauliwa, bali ni kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, ya kutunza, kurithi, kutengeneza na kuweka akiba kwa ajili ya wengine, na anapoombwa aachane navyo anaombwa pia akubali kwamba hatakuwa tena mwenyeji wa wageni kumi na wawili mezani, wala fundi mwenye karakana yake. Isipokuwa pale penye maradhi ya kurundika vitu, ambayo mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliyatambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na ambayo yanahitaji mtaalamu wa tiba, wingi wa vitu nyumbani hauna haja ya kupewa jina la ugonjwa.

Msimamizi anayeijua kazi yake huanza mahali ambapo wengi hawatarajii, yaani katika nyumba mpya. Huenda na utepe wa kupimia, akapima urefu wa kuta, upana wa milango, mahali pa madirisha na soketi za umeme, kisha akachora chumba kwa vipimo na kukata vipande vya karatasi vinavyowakilisha kitanda, kochi, meza na kabati kwa kipimo kilekile. Siku hizi wengine hutumia programu ya kompyuta, ingawa vipande vya karatasi vina sifa moja njema, kwamba mzee huweza kuvisogeza kwa mkono wake mwenyewe. Mchoro huo humaliza mabishano mengi kabla hayajaanza. Binti akimwambia mama yake kwamba kabati la vyombo haliwezekani, neno hilo husikika kama amri, lakini mama akilisukuma kabati la karatasi kutoka ukuta hadi ukuta na kuona kwamba likiingia kitanda hakitaingia, ameamua yeye.

Hapo ndipo uchambuzi huanza, chumba baada ya chumba, kwa vipindi vya saa mbili au tatu, kwa sababu akili iliyochoka kuamua huishia ama kukubali kila kitu ama kukataa kila kitu. Vitu hubandikwa vibandiko vya rangi: rangi moja kwa vinavyohama, nyingine kwa vinavyokwenda kwa jamaa, nyingine kwa vya kuuzwa, nyingine kwa sadaka na ya mwisho kwa vya kutupwa. Wazoefu huanzia pasipo na uchungu, mathalani kabati la mashuka au stoo ya vyakula, na huziacha picha na barua hadi mwisho, si kwa kuwa hazina umuhimu bali kwa kuwa boksi moja la picha linaweza kumeza juma zima. Hata namna ya kuuliza imefikiriwa. Swali kama “Unataka tufanye nini na sufuria hizi?” humwachia mzee mzigo wa kubuni majibu yote, ilhali akiulizwa achague mbili anazopikia zaidi, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye zile alizozizoea.

Kabla ya kufunga mizigo, msimamizi hupiga picha za rafu, meza ya kando ya kitanda, ukuta wenye fremu, hata droo ya jikoni. Siku ya kuhama mzee hupelekwa kwingine, pengine kula chakula cha mchana na rafiki, huku timu ikipanga upya kila kitu kwa kufuata picha hizo, ikitandika kitanda, ikiunganisha simu na televisheni, ikitundika saa, na kuondoka na maboksi yote matupu, ili anapoingia jioni asikute kambi ya safari. Kwa mzee mwenye dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kunakosababishwa na maradhi ya ubongo, upangaji huo una maana kubwa zaidi, kwa kuwa mkono hukumbuka mahali pa taa hata jina la mtaa likishasahaulika.

Sehemu inayoleta majonzi ya kipekee, na ambayo familia nyingi huingia bila kujiandaa, ni soko. Kizazi kilichonunua fanicha za mbao nzito za rangi ya kahawia, seti za vyombo vya kauri vya watu kumi na wawili na vijiko vya fedha kiliamini kwamba kinaweka akiba, lakini bei ya fanicha za namna hiyo imeporomoka tangu mwanzoni mwa karne hii, na watoto wanaoishi katika fleti za mjini hawana pa kuweka meza ya watu kumi na wawili wala hamu ya kuosha kwa mkono sahani zisizoruhusiwa kuingia kwenye mashine. Kazi ya msimamizi hapo ni kusema ukweli bila ukatili. Wapo wanaoikwepa kwa kumpeleka mzee moja kwa moja kwa dalali, na dalali akitaja bei, mzee husikia thamani ya maisha yake yote ikitajwa kwa makumi ya dola.

Hakuna mfano ulio dhahiri kuliko piano, nao unastahili kusimuliwa kirefu kwa sababu unarudi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza zaidi ya piano 360,000, na kwa miongo kadhaa chombo hicho kilikuwa alama ya familia yenye heshima. Vibonye vyake vyeupe vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilikatwa katika miji midogo miwili ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, kwenye viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney, ambako vipande vilianikwa juani katika nyumba za vioo mpaka vikawa vyeupe. Wenye viwanda walipendelea pembe laini za Afrika Mashariki, ambazo zilinunuliwa Unguja na mawakala wao baada ya kubebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na katika baadhi ya misafara na watu waliokuwa wametiwa utumwani, kwa njia zile zile zilizompa Tippu Tip utajiri na jina, kutoka maeneo ya Manyema na Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo.

Piano ile ile leo imesimama sebuleni kwa bibi mmoja wa Pennsylvania au Ohio, ina uzito wa mamia ya kilo, haijasawazishwa sauti kwa miaka ishirini, na hakuna anayeitaka, hata bure. Makanisa na shule zinazopigiwa simu hujibu kwamba tayari zimekataa kadhaa. Juu ya hayo kuna sheria. Mwezi Julai 2016 serikali kuu ya Marekani ilipiga marufuku karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika baina ya majimbo, ikiacha nafasi kwa vitu vya kale vilivyotimiza miaka mia moja, na kwa bidhaa ambazo pembe iliyomo haifiki gramu 200, pamoja na masharti mengine. Nafasi hiyo ya pili ilikusudiwa kuzinusuru ala za muziki kama piano. Majimbo ya New Jersey, New York na California nayo yana sheria zake, kali kuliko hiyo katika baadhi ya mambo. Msimamizi asiyezijua anaweza kumwingiza mteja wake matatani kwa tangazo moja la mtandaoni, hasa pale penye vinyago na vito vya pembe tupu ambavyo babu alivileta kutoka safarini. Mwisho wa piano nyingi ni jalalani, na kampuni ya kuichukua hudai malipo. Yapo mambo machache katika historia ya biashara yaliyo na mzunguko mchungu kama huu, ambapo kitu kilichogharimu uhai wa ndovu na mabega ya watu hakipati hata wa kukipokea.

Nguo huwa na njia rahisi zaidi. Hupelekwa kwa mashirika ya hisani yenye maduka ya vitu vilivyotumika, kama Goodwill na Salvation Army, na zisizouzika madukani huuzwa kwa wafanyabiashara wanaozichambua, kuzifunga marobota na kuzisafirisha nje, zikiwamo zile zinazoishia Gikomba mjini Nairobi au Karume mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo koti la mstaafu wa Chicago aliyehamia chumba kimoja linaweza kupata mvaaji mpya Njombe kabla mwenyewe hajazoea makazi yake.

Ugumu halisi wa taaluma hii, hata hivyo, hauko kwenye piano. Katika familia nyingi anayeitafuta huduma si mzee bali mtoto, aghalabu binti, anayeishi jimbo jingine, mwenye siku tano za likizo na nyumba inayopaswa kukabidhiwa kwa mnunuzi mwisho wa mwezi. Yeye ndiye anayeeleza tatizo, ndiye anayejadili bei na mara nyingi ndiye anayelipa, na anapoeleza tatizo tayari amekwisha kulipatia jina: mama hataki kuachia vitu. Mama naye, akiulizwa peke yake, huweza kueleza jambo tofauti kabisa, kwamba hakuna aliyemuuliza kama anataka kuhama. Msimamizi anayesimama kati yao ana mlipaji mmoja na mhusika mwingine, na kanuni za maadili za taaluma, ambazo zinamtaka aheshimu hadhi na uamuzi wa mzee, hazimpi mamlaka yoyote ya kusimamisha saa ya mnunuzi.

Baadhi ya wasimamizi hutatua mvutano huo kwa kusisitiza kwamba mkataba utiwe saini na mzee mwenyewe maadamu ana akili timamu, hata kama fedha zinatoka kwingine, na kwamba kikao cha kwanza kifanyike na mzee bila watoto kuwapo. Utaratibu huo ni mzuri kuliko unavyoonekana, kwa sababu saini humfanya mzee kuwa mwajiri, na mwajiri anaweza kusema hapana. Ikiwa mzee hana tena uwezo wa kuamua kisheria, mwenye neno huwa ni yule aliyepewa hati ya uwakilishi, yaani waraka ambao mtu huuandika angali mzima akimteua mwingine amfanyie maamuzi; lakini hati hiyo hutoa madaraka juu ya mali na makazi, haitoi ruhusa ya kumdharau mtu, na mzee aliyepoteza kumbukumbu ya mwaka huu bado anaweza kujua kwa uhakika ni blanketi lipi analolipenda.

Pana desturi moja inayozusha ubishi hata miongoni mwa wenyewe. Familia za wazee wenye dimensia wakati mwingine humtoa mzee kwa kisingizio cha matembezi, na akirudi huletwa kwenye chumba kipya ambamo vitu vyake vimeshapangwa. Wanaoitetea desturi hiyo husema kwamba kumweleza mtu habari ambayo ataisahau baada ya dakika kumi ni kumhuzunisha upya kila anapoelezwa, na hoja hiyo ina nguvu. Hatari yake ni kwamba njia iliyobuniwa kwa ajili ya wachache waliofikia hatua hiyo ni nyepesi mno kwa kila aliyechoka, na mipaka kati ya mzee asiyeweza kuamua na mzee anayeamua kinyume na matakwa ya wanawe huweza kufutika katika wiki moja yenye pilikapilika. Msimamizi anayekubali kazi ya namna hiyo bila kuuliza maswali amejigeuza kuwa mchukuzi wa mizigo mwenye adabu.

Kuhusu fedha, malipo mara nyingi hukadiriwa kwa saa, na jumla yake kwa nyumba ya kawaida inaweza kufikia maelfu ya dola kabla ya kulipia lori. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, haigharimii huduma hii. Hakuna leseni ya serikali inayotakiwa ili mtu ajiite msimamizi wa uhamaji, jambo linaloufanya uanachama wa chama na bima ya dhima kuwa vitu pekee ambavyo mteja anaweza kuvikagua kwa urahisi. Wachukuzi, kwa upande wao, wanabanwa na sheria ya serikali kuu wanapovuka mipaka ya majimbo, na hapo pana kifungu ambacho wazee wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: mteja akisaini kukubali dhima ya kiwango cha chini kisicho na malipo ya ziada, fidia ya kitu kilichovunjika ni senti 60 kwa kila ratili ya uzito wake, kwa hiyo televisheni ya ratili 25 hulipwa dola 15. Msimamizi mzuri husoma karatasi hiyo kwa sauti kabla mzee hajashika kalamu.

Wengi wa wazee wa Marekani hawatakutana kamwe na msimamizi wa aina hiyo. Sheria ya Wazee ya mwaka 1965, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1973, ilizaa mashirika ya maeneo yanayowashughulikia wazee, ambayo hutoa ushauri na kumwelekeza mtu kwenye misaada iliyopo, lakini mpangaji wa kipato cha chini anayetoka hospitali na kupelekwa nyumba ya uuguzi kwa kawaida huvunjiwa kaya yake na jamaa mmoja na mwenye nyumba asiyesubiri, ndani ya siku mbili tatu, yeye mwenyewe akiwa kitandani. Gharama zake zikibebwa na Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo kwa watu wasio na uwezo, karibu pato lake lote huelekezwa kwenye gharama hizo, na fedha anazoachiwa kwa matumizi binafsi, kwa kiwango cha chini kilichowekwa na serikali kuu, ni dola 30 kwa mwezi, ingawa majimbo mengi huongeza kidogo.

Hapo ndipo watu wa Afrika Mashariki wanapoingia katika habari hii wakiwa hai, si kwa pembe wala marobota. Wahamiaji wengi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na nchi jirani wanafanya kazi ya uuguzi na utunzaji wa wazee katika majimbo kama Minnesota, Massachusetts na Texas, na mhudumu wa zamu ndiye anayempokea mzee aliyeletwa na mifuko miwili, akaorodhesha nguo na miwani yake, akatundika gauni moja moja kabatini, na kumuuliza picha hii ya harusi iwekwe wapi. Sheria ya mageuzi ya nyumba za uuguzi ya mwaka 1987, pamoja na kanuni zilizofuata, inampa mkazi haki ya kubaki na vitu vyake na kuvitumia, zikiwamo fanicha, kadiri nafasi inavyoruhusu. Haikumtaja mtu wa kwenda kuvichukua kule vilikobaki, wala wa kumuuliza mzee ni vipi, na katika zamu ambayo mhudumu mmoja ana wakazi kumi wa kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza, maswali hayo huulizwa pale tu anapojinyima dakika za mapumziko yake.